Je, refa lazima awe amewahi kucheza? Kisa cha Mmarekani anayedaiwa kuwatoa Morocco mwaka 1998

Timu ya Afrika ikitolewa kwenye Kombe la Dunia, maneno mawili hayakosi kusikika kabla hata wachezaji hawajafika vyumbani kubadilisha jezi. La kwanza: "Refa mwenyewe hajawahi kugusa mpira." La pili, kama mwenye filimbi alikuwa Mmarekani: "Hivi hawa Wamarekani wana nini na sisi?"

Anayesema hilo la pili hakosi mifano. Mwaka 1998 Morocco walitolewa kwa penalti ya dakika za mwisho iliyopigwa katika mechi ambayo wao hawakuwa wakicheza, na aliyeitoa alikuwa Mmarekani, Esfandiar Baharmast, maarufu kama Esse. Mwaka 2014 Nigeria walitolewa na Ufaransa, na Mmarekani Mark Geiger akamwonyesha Blaise Matuidi wa Ufaransa kadi ya njano tu kwa rafu iliyomtoa Ogenyi Onazi uwanjani. Miaka minne baadaye Geiger yuleyule akachezesha Morocco na Ureno, na Wamorocco wakatoka wakilalamika. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Ghana: Cristiano Ronaldo akaanguka ndani ya boksi, Ismail Elfath wa Marekani akaonyesha nukta ya penalti.

Kijiweni maneno haya mawili huchanganywa mpaka yanakuwa hoja moja: refa Mmarekani hajui mpira kwa sababu hajaucheza, na kwa kuwa haujui, anatuonea. Ni hoja tamu, lakini imebeba vitu vingi ambavyo havihusiani. Njia nzuri ya kuifungua ni kumfuata Baharmast mwenyewe. Alicheza kwanza ndipo akashika filimbi, ni Mmarekani, Afrika ilimlaani, na ule uamuzi uliomfanya alaaniwe ulikuwa sahihi. Ushahidi upo.

Kwanza tuelewane kwa majina. Refa, au mwamuzi wa kati, ndiye mwenye neno la mwisho uwanjani. Washika vibendera wawili ni waamuzi wasaidizi. Wanamshauri kuhusu kuotea, mipira iliyotoka na faulo zilizo karibu nao, lakini yeye anaweza kukataa ushauri wao. Mwamuzi wa nne anakaa baina ya mabenchi mawili, anasimamia mabadiliko ya wachezaji na kutuliza makocha wenye hasira. Siku hizi kuna na VAR, waamuzi wanaotazama picha za marudio chumbani. Wakati wa Kombe la Dunia la 1998 hiyo haikuwepo, wala refa hakuwa na skrini pembeni ya uwanja ya kwenda kuchungulia. Alichokiona kwa jicho ndicho kilichokuwa.

Neno jingine linalochanganya watu ni "refa wa FIFA". FIFA haiajiri marefa kama kampuni inavyoajiri makarani. Chama cha soka cha nchi ndicho kinachopendekeza majina kila mwaka, FIFA ikiyakubali mhusika anapewa beji ya mwaka huo ya kushona kifuani, na mwaka ukiisha beji inabidi iombwe upya. Refa wa kati hapewi kabla ya kufikisha miaka 25. Zamani kulikuwa pia na ukomo wa juu: ukifika 45, asante kwa huduma yako. Sheria hiyo ilikuja kuondolewa, lakini ilimkuta Baharmast. Alikwenda Ufaransa 1998 akiukaribia umri huo, akijua kwamba Kombe la Dunia jingine halimhusu.

Alizaliwa Iran mwaka 1954 na kuhamia Marekani akiwa kijana. Mpira aliujua kwa miguu kabla ya kuujua kwa kitabu cha sheria, na huko Marekani ndiko alikochukua filimbi. Sasa hapa panahitaji maelezo kidogo, maana wengi tunadhani mchezaji anayetaka urefa anahama tu chumba: jana alikuwa upande wa wachezaji, leo yuko upande wa waamuzi, kwa kuwa ana jina. Haiko hivyo popote duniani, na Marekani ndiyo kabisa.

Marekani ina watoto mamilioni wanaocheza soka wikendi kwenye viwanja vya shule na bustani za umma, na mechi zote hizo zinahitaji mtu wa kupuliza filimbi. Ndiko refa anakoanzia. Anafanya kozi, anafanya mtihani wa sheria, anapewa daraja la chini kabisa, kisha Jumamosi asubuhi anawachezesha watoto wa miaka tisa huku wazazi wakimpigia kelele kutoka pembeni. Malipo yake ni posho ndogo. Enzi za Baharmast daraja zilihesabiwa kwa namba kurudi nyuma: wa kawaida alikuwa daraja la 8, mwenye beji ya FIFA alikuwa daraja la 1, na katikati kulikuwa na ngazi za jimbo na za taifa. Kupanda kila ngazi kulihitaji idadi fulani ya mechi, mtihani wa mbio, na mtathmini aliyekaa jukwaani na kalamu yake akiandika kila ulipokosea. Kama uliwahi kufunga mabao mia, hapakuwa na mahali pa kuyaandika kwenye fomu.

Na wote hao walikuwa na kazi nyingine. Waamuzi wa soka wa kulipwa muda wote hawakuwepo Marekani enzi hizo; taasisi ya waamuzi wa ligi, PRO, iliundwa mwaka 2012. Ndiyo maana Geiger alikuwa mwalimu wa hisabati huko New Jersey, na Elfath alisomea uhandisi. Kathryn Nesbitt, mshika kibendera wa fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 2023, alikuwa mhadhiri wa kemia. Mtu akikuambia refa fulani ni "mwalimu tu", anakusimulia namna mfumo ulivyokuwa, na wala si kasoro ya mtu huyo. Markus Merk wa Ujerumani, mmoja wa marefa waliokuwa wakiheshimika sana Ulaya, alikuwa daktari wa meno. Howard Webb aliyechezesha fainali ya 2010 pale Johannesburg alikuwa polisi.

Ligi ya Marekani, MLS, ilipoanza mwaka 1996, fainali yake ya kwanza kabisa ilikabidhiwa Baharmast. Ilichezwa Foxboro, Massachusetts, Oktoba 20, kwenye mvua iliyougeuza uwanja kuwa jaruba la mpunga. D.C. United walikuwa nyuma mabao 2-0 dhidi ya Los Angeles Galaxy, wakasawazisha, wakashinda 3-2 kwa bao la dhahabu, lile linalomaliza mechi papo hapo, la Eddie Pope katika muda wa nyongeza. Mechi ya namna hiyo, mpira unakwama kwenye madimbwi na kila mtu anateleza, ni mtihani mgumu kwa refa: ipi ni rafu na ipi ni utelezi? Mwaka uliofuata alichaguliwa refa bora wa ligi. Halafu Ufaransa.

Mechi yake ya kwanza huko ni ile ambayo Waafrika tunaikumbuka kwa furaha bila kukumbuka nani alikuwa na filimbi. Juni 13, 1998, mjini Nantes, Nigeria walitoka nyuma mara mbili na kuwafunga Hispania 3-2, bao la ushindi likiwa kombora la Sunday Oliseh kutoka mbali ambalo hadi leo linarushwa kila zinapotajwa Super Eagles. Refa: Esfandiar Baharmast. Hakuna aliyesema Wamarekani wanatupendelea.

Siku kumi baadaye alikuwa Marseille, Brazil na Norway, mechi ya mwisho ya kundi. Ili kuielewa hasira iliyofuata inabidi uyajue mahesabu. Brazil walikwisha kufuzu kwa pointi 6. Norway walikuwa na pointi 2, Morocco 1, na Scotland nao 1. Morocco walikuwa wakicheza na Scotland wakati huohuo mjini Saint-Étienne. Morocco wakishinda watafikisha 4, na kama Norway hawatawafunga Brazil, basi Waafrika wanapita. Na nani angetegemea Norway wawafunge mabingwa wa dunia?

Morocco wakafanya yao, wakawachapa Scotland 3-0. Kule Marseille Bebeto akaifungia Brazil dakika ya 78. Tore André Flo akasawazisha dakika ya 83. Sare ya 1-1 bado inawapitisha Morocco. Zikiwa zimebaki dakika mbili tatu mpira ukaingia kwenye boksi la Brazil, Flo akaanguka akiwa na beki Júnior Baiano, na Baharmast akanyoosha mkono kwenye nukta. Kjetil Rekdal akapiga, kipa Taffarel hakuufikia. Norway 2, Brazil 1. Pointi 5 kwa 4. Morocco, walioshinda kwa mabao matatu na walioamini wamevuka, wakarudi nyumbani.

Marudio yakaonyeshwa. Tena na tena. Kila kamera rasmi ilionyesha jambo lilelile: mwanamume mrefu wa Norway anakwenda chini na beki yuko karibu naye, lakini hakuna mkono unaoonekana, hakuna mguu unaoonekana. Dunia nzima ikakubaliana kwamba Flo amejiangusha na refa amedanganyika. Magazeti yakamsulubu. Na Afrika ilikuwa na sababu ya ziada ya kuwaka: siku hiyohiyo, jioni, Cameroon walikuwa wametolewa kwa sare ya 1-1 na Chile baada ya refa kutoka Hungaria kulikataa bao la François Omam-Biyik. Usiku zikaja habari za Morocco. Timu mbili za Afrika ndani ya siku moja, filimbi mbili za wageni. Hata mtu mpole angeona njama.

Baharmast hakubadilisha kauli. Aliona jezi ikivutwa.

Baada ya kama siku moja na nusu hivi zikajitokeza picha za kamera ya televisheni ya Sweden, ambayo ilikuwa imekaa pembe tofauti na kamera za matangazo rasmi. Humo Júnior Baiano anaonekana waziwazi, ameishika jezi ya Flo, kitambaa kimenyooka kutoka mwilini. Penalti halali kabisa. Waliokuwa wamemwita mzembe wakaanza kuandika maneno mengine, ingawa kama ilivyo kawaida, radhi haikupata ukubwa wa lawama.

Hapa ndipo dhana ya kwanza inapovunjika, ile inayosema kama televisheni haikuonyesha basi halikutokea. Nenda buchani siku ya msongamano. Wewe uliyesimama mbele ya kaunta unaiona nyama na mshale wa mizani. Aliyesimama ubavuni mwa muuzaji anakiona kidole kinachogusa sahani. Nyote mna macho mazuri na mmetazama mzani mmoja. Kamera za Marseille zilikuwa mbele ya kaunta. Refa, kwa bahati yake na kwa kazi yake ya kukimbia mpaka mahali panapofaa, alikuwa ubavuni.

Kuna na suala la sheria, ambalo linabishaniwa vibaya kila wiki hata kwenye ligi zetu. Watu husema, "Alishikwa kidogo tu, si kwa nguvu ya kumwangusha." Kwenye Sheria ya 12, ile ya faulo, makosa yamegawanyika. Kusukuma, kupiga teke, kukwatua na kurukia, refa anapima: je, ilikuwa uzembe, ukorofi au nguvu iliyopita kiasi? Kushika mpinzani hakumo kwenye kapu hilo. Ukimshika ukamzuia asiende anakotaka, ni kosa tayari, hakuna kipimo cha nguvu. Nje ya boksi ni mpira wa adhabu, ndani ya boksi ni penalti. Kwa hiyo hata kama Flo aliongeza chumvi katika kuanguka kwake, na mimi nadhani aliongeza, haikumwondolea Baiano kosa alilokwisha kulifanya.

Turudi kwenye swali la kucheza. Je, Baharmast aliona ile jezi kwa sababu aliwahi kuwa mchezaji?

Kwa sehemu, naamini ndiyo. Mtu aliyecheza anajua beki aliyepitwa na mshambuliaji mrefu atafanya nini krosi ikija. Anajua kwamba mkono hautumiki mbele ya macho ya refa. Hutumika upande wa pili wa mwili, na beki mjanja huchungulia refa yuko wapi kwanza ndipo ashike. Anausoma mchezo sekunde moja kabla. Anajua pia lugha ya uwanjani: nani analalamika kwa mazoea na nani ameumia kweli, lini neno moja la utani linatosha na lini ni kadi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mchezaji lazima alisahau ili awe refa, na ndilo gumu kuliko yote. Mchezaji macho yake yanafuata mpira. Ndivyo alivyolelewa tangu utotoni. Krosi ikipaa, watazamaji wote uwanjani wanatazama juu, wachezaji wanatazama juu, mpiga kamera anaufuata mpira. Refa akitazama juu naye, amekwisha. Yeye anatakiwa aupe mpira jicho la haraka, ajue utaangukia wapi, kisha ayashushe macho pale chini penye watu wawili wanaosubiri, kwa sababu faulo itatendeka kabla mpira haujafika. Waamuzi hufundishwa hili kozi hadi kozi, kwa miaka. Kuipata ile penalti ya Marseille kulihitaji mtu ambaye, katika dakika ya 88 ya mechi ya Kombe la Dunia, anaangalia mahali ambapo mpira haupo. Hilo si la mchezaji. Ni la refa wa miaka mingi.

Basi kwa nini wachezaji wengi hawafuati njia hiyo? Wapo wachache. England walikuwa na Steve Baines, beki wa ligi aliyestaafu akarudi kwenye ligi hiyohiyo na filimbi. Ufaransa wakampata Gaël Angoula, aliyekuwa beki wa Bastia kisha akawa refa wa ligi. Wanahesabika kwa vidole, na sababu zake ni za kawaida tu.

Umri ndio wa kwanza. Mchezaji wa kulipwa anastaafu akiwa na miaka 34 au 35, magoti yamechoka. Akianza urefa siku hiyo, hata akipandishwa haraka kuliko kawaida, atafika ngazi ya juu akiwa na miaka arobaini. Mwenzake aliyeanza akiwa na miaka 16 kwenye mechi za watoto ana miaka ishirini ya makosa nyuma yake, makosa aliyoyafanya mahali ambapo hapakuwa na televisheni. Kisha kuna mbio. Mtihani wa FIFA kwa marefa wanaume una mbio fupi sita za mita 40, kila moja kwa sekunde zisizozidi 6, halafu unakimbia mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25, unarudia, mara 40, jumla kilomita 4. Refa hana winga wa kumsaidia kukaba wala kocha wa kumpumzisha dakika ya 70. Halafu pesa: aliyezoea mshahara wa mchezaji aende kuchezesha vijana wa mtaa kwa nauli na soda? Na la mwisho, wachache hulisema: mchezaji anapendwa na nusu ya uwanja. Refa hana hata hiyo nusu.

England waliamua mwaka 2023 kuanzisha mpango maalumu wa kuwavuta wachezaji wanaostaafu waje kwenye uamuzi, wakiwapunguzia muda wa ngazi za chini. Matokeo yake yatachukua miaka kuonekana. Ninaloliona mimi ni kwamba mpango wenyewe ni ushahidi kwamba bila njia ya mkato maalumu, hawaji.

Upande wa pili, waliofika juu bila kucheza ngazi kubwa ni wengi mno kutaja. Mfano ulio jirani yetu ni Salima Mukansanga wa Rwanda, ambaye ndoto yake ya ujana ilikuwa basketiboli. Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kama refa wa kati, Zimbabwe na Guinea, na mwishoni mwa mwaka huo akawa Qatar kwenye orodha ya Kombe la Dunia la wanaume. Hakuna mtu wa maana aliyemuuliza alifunga mabao mangapi.

Sasa lile la "Wamarekani wanatuonea". Malalamiko mengine yana uzito. Rafu ya Matuidi kwa Onazi naiona kadi nyekundu mpaka kesho. Penalti ya Ronaldo dhidi ya Ghana ilikuwa nyepesi, na kocha Otto Addo alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini VAR haikumwita refa aende kuitazama. Mengine ni uvumi. Mwaka 2018 mchezaji wa Morocco, Nordin Amrabat, alisema ameambiwa kwamba Geiger aliomba jezi ya Ronaldo. FIFA ikakanusha, na ushahidi haukutokea. Lakini uvumi ule bado unazunguka kama jambo lililothibitishwa.

Ukitaka kuijaribu nadharia ya njama, mchukue Elfath. Amezaliwa Morocco. Alikwenda Marekani akiwa na miaka 18 hivi, baada ya kushinda ile bahati nasibu ya viza ambayo ndugu zetu wengi huijaza kila mwaka. Huyu ndiye anayedaiwa kuwaonea Waafrika kwa sababu ya Umarekani wake. Siku nane baada ya mechi ya Ghana alichezesha Cameroon na Brazil. Vincent Aboubakar akafunga bao la ushindi dakika za nyongeza, akavua jezi kwa furaha akijua kabisa ana kadi ya njano. Elfath akamfuata huku anatabasamu, akampa mkono, akampongeza, kisha akamtolea njano ya pili na nyekundu. Cameroon wakashinda 1-0. Ile picha ilizunguka dunia nzima, na Waafrika walioisambaza kwa kicheko hawakukumbuka kwamba wiki iliyopita walikuwa wakimlaani.

Kwa nini basi filimbi za Wamarekani zinaangukia mara nyingi mechi za Afrika? Jibu liko kwenye upangaji. Refa hachezeshi timu ya nchi yake, na FIFA hupendelea atoke shirikisho lisilohusika na timu zote mbili. Mechi ya Afrika na Ulaya inabakiza Amerika Kusini, na ya Afrika na Amerika Kusini inabakiza Ulaya; zote mbili zinabakiza pia Asia, Oceania na ukanda wa Amerika ya Kaskazini na Kati, ambako Marekani na Mexico ndio wenye marefa wengi wa ngazi hiyo. Hapo jina la Mmarekani linajitokeza mara nyingi. Baharmast aliyapata haya kwa ukaribu zaidi: Juni 21, siku mbili kabla ya mechi ya Marseille, nchi aliyozaliwa ilicheza na nchi aliyohamia, Iran na Marekani, mjini Lyon, na Iran wakashinda 2-1. Filimbi alipewa Mswisi, Urs Meier.

Limebaki swali ambalo vijana huuliza wakisikia kisa hiki: VAR ingekuwepo 1998, si ingemaliza ubishi? Hapa jibu si zuri kwa wapenzi wa teknolojia. VAR huingilia mambo machache tu, hasa bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na kumwadhibu mchezaji asiyehusika, na huingilia pale tu panapokuwa na kosa la wazi na dhahiri. Chumba cha VAR kinatazama picha za kamera za matangazo rasmi. Pale Marseille, picha hizo hazikuonyesha chochote, na iliyoonyesha haikuwa miongoni mwake. Kwa hiyo ama wangeuacha uamuzi wa refa usimame kwa kuwa hakuna kinachoupinga waziwazi, au wangemwita kwenye skrini, aone Flo akianguka peke yake, na abaki kuchagua kati ya jicho lake na picha. Kwa shinikizo lile, marefa wengi wangeifuta. Yaani Morocco wangepita, na penalti halali ingekataliwa kwa msaada wa teknolojia.

Norway hawakufika mbali nayo. Siku nne baadaye, uwanja uleule wa Marseille, Italia iliwatoa kwa bao moja la Christian Vieri. Baharmast alirudi Marekani, akastaafu filimbi, akawa mkurugenzi wa waamuzi wa shirikisho la soka la nchi hiyo, kisha mkufunzi wa FIFA, akiwafundisha watu kutoka mabara yote wapi pa kusimama krosi inapokuja. Mwaka 2022 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la soka la Marekani, pamoja na Clint Dempsey na Shannon Boxx. Dempsey na Boxx waliingia kwa jina la wachezaji. Yeye walimweka kwenye kundi la wajenzi wa mchezo.